Mbu hakuzoea dawa

Shangazi yangu anakaa Makorora, hapa Tanga mjini, na kila kinachomshinda ana neno lake moja: kimezoea. Panya akila sumu na kesho yake akaonekana jikoni, kazoea. Mjukuu asiyeogopa kufokewa, kazoea. Juzi kati alinishika mkono akanipeleka chumbani kunionyesha mbu aliyetua kwenye chandarua chake kipya cha dawa, kilichokuwa bado na mikunjo ya kutoka kwenye mfuko. Mbu alikuwa katulia, miguu ya nyuma kaiinua juu. Akasogea kidogo, akatulia tena. Anatafuta tundu.

"Unamwona huyo?" Shangazi akaninong'oneza, utadhani mbu angesikia. "Zamani akigusa tu, chini. Leo kakaa juu ya dawa kama kaenda Raskazone kupunga upepo. Wamezoea hawa, mwanangu."

Jirani yake, aliyekuwa barazani anasuka ukili, alikuwa na jibu jingine: dawa feki. Nenda mtaa wowote wa Tanga, utakuta maelezo ni hayo mawili, mazoea au feki. La feki silipingi, bidhaa mbovu zipo. Ugomvi wangu uko kwenye hili la mazoea.

Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja. Mtu aliyekuwa hali pilipili anaanza kidogo, anaongeza, mwisho anatafuna mbichi. Mbu hana nafasi hiyo. Jike anaishi wiki chache tu, na akigusa dawa inayomweza, anakufa siku hiyohiyo. Hapati mazoezi. Mbu aliyekaa juu ya chandarua cha Shangazi hakujifunza chochote. Alizaliwa hivyo, na mama yake alizaliwa hivyo. Wenzake waliozaliwa tofauti hatuwaoni kwa sababu walikwisha kufa bila kutaga. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwamba huyu aliyebaki ana nini mwilini ambacho wenzake hawakuwa nacho. Mara nyingi jibu liko kwenye kimeng'enya.

Kimeng'enya ni protini yenye kazi. Mwilini mwa kila kiumbe kuna maelfu ya aina zake, na kila kimoja kina shughuli yake: hiki kinakata, kile kinaunga, kingine kinang'oa kipande hapa na kukipachika pale, na baada ya kazi chenyewe kinabaki vilevile, tayari kwa kazi nyingine. Protini imetungwa kama ushanga kwenye uzi. Kila ushanga ni asidi amino, na zipo aina 20. Uzi ukishatungwa unajikunja na kujifunga wenyewe mpaka unapata umbo lake, na katika umbo hilo kuna sehemu moja nyembamba, tuiite kinywa, ambamo kazi inafanyika. Mpangilio wa shanga umeandikwa kwenye vinasaba kwa herufi nne, A, T, G na C, na kila ushanga unaandikwa kwa herufi tatu. Herufi moja ikikosewa wakati wa kunakili, ushanga mmoja unaweza kubadilika. Hilo ndilo badiliko la jeni linalosemwa. Mara nyingi halina maana yoyote, au linaharibu. Mara chache sana linamwokoa mwenye nalo.

Tuanze na kimeng'enya ambacho sumu yenyewe inakilenga. Kati ya neva na neva kuna mwanya mdogo, na ujumbe unauvuka kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, asetilikolini lazima iondolewe palepale, vinginevyo neva inaendelea kupiga kelele na msuli unaendelea kukaza. Mwenye kazi ya kuiondoa ni kimeng'enya asetilikolinesterasi. Kinakata maelfu ya molekuli kwa sekunde moja, na kinywa chake kiko ndani kabisa ya kijikorongo chembamba.

Aliyewahi kupasua fenesi la Muheza anajua kinachofuata. Usipopaka mafuta ya kula kwenye kisu na mikononi, utomvu unakiganda kisu mpaka hakikati tena, hata ukikipa ndizi. Sumu za jamii ya oganofosfati na kabameti ndivyo zinavyofanya. Zinaingia kwenye kinywa cha kimeng'enya, nacho kinaanza kuzikata kama kinavyokata chochote. Nusu moja inatoka, nusu ya pili inaganda mlemle. Kisu kimekwama. Ujumbe unarundikana kwenye mianya yote ya mwili, mdudu anatetemeka, anakakamaa, anakufa. Na kwa kuwa sisi pia tunacho kimeng'enya hikihiki, mkulima anayepuliza sumu hizi kwenye nyanya bila glavu wala barakoa anajipa dozi ya sumu ileile aliyokusudia kumpa mdudu. Hilo lingestahili makala yake.

Mwaka 2003 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walisoma jeni la kimeng'enya hiki kwa mbu Culex, yule wa vyooni na mitaroni, na kwa Anopheles gambiae, yule wa malaria. Kwa wote wawili waliokuwa sugu walikuta kosa lilelile: ushanga nambari 119 umebadilika kutoka glisini kuwa serini. (Hesabu ya 119 imeazimwa kwa taa wa umeme, samaki ambaye kimeng'enya chake kilichunguzwa zamani zaidi.) Glisini ndiyo ndogo kuliko asidi amino zote. Serini imeizidi kidogo tu, lakini iko pembeni mwa kinywa, na mle ndani ya korongo hakuna nafasi ya kuchezea. Sumu inashindwa kukaa sawasawa, kwa hiyo haigandi. Asetilikolini bado inapita, kwa kujibana.

Kwa kujibana, kweli. Kimeng'enya hiki kipya kinafanya kazi yake ya kawaida kwa chini ya nusu ya uwezo wa kile cha zamani. Mbu kakwepa sumu, lakini kila siku anailipia. Kusini mwa Ufaransa, ambako mbu Culex walipigwa oganofosfati kwa miaka mingi, majike hujificha mapangoni wakati wa baridi, na walionekana kupungua kwa kasi zaidi ni wale sugu. Mahali pasipo sumu, badiliko hili ni mzigo mtupu. Baadaye ikaonekana kwamba kuna mbu walioupunguza mzigo huo kwa ujanja: jeni limejinakili mara mbili kwenye kromosomu ileile, nakala moja ya kizamani na nyingine ya kisugu. Mbu wa namna hiyo ana visu viwili. Ninaposema ujanja msinielewe vibaya, hakuna aliyekaa akapanga. Ni kosa jingine la kunakili, lililotokea kumfaa aliyelipata.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nikilieleza hata kwa wasiopenda sayansi wanasogeza kiti. Tanga ilipopata homa ya dengue mwaka 2019, mbu aliyehusika alikuwa Aedes aegypti, yule mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana na kuzaliana kwenye matairi, ndoo na vifuu. Huyu naye ana kimeng'enya hikihiki chenye glisini mahali palepale. Mbona kwake badiliko hili limekuwa adimu mno? Jibu limo kwenye tahajia. Culex na gambiae wanaiandika glisini hiyo GGC. Badilisha herufi ya kwanza tu, G iwe A, unapata AGC, ambayo ni serini. Aedes anaiandika GGA. Kwa glisini yenyewe haidhuru, GGC na GGA zote zinasomeka glisini. Ila kwake ukibadilisha herufi ya kwanza unapata AGA, na hiyo ni arijinini, ushanga mkubwa usio na mahali mle ndani. Ili aifikie serini anahitaji makosa mawili kwenye neno moja. Herufi ya tatu, ambayo haikuwa na maana yoyote kwa mamilioni ya miaka, imekuja kuamua nani atapona dawa na nani hataipona. Hakuna mazoea yanayoweza kueleza hilo. Kama mbu wangekuwa wanazoea, Aedes angezoea kama wenzake.

Hiyo ni njia ya kwanza, kimeng'enya kinachopigwa kinabadilika umbo ili kisipigike. Njia ya pili inamhusu askari badala ya mlengwa. Mwili wa mdudu una vimeng'enya vya kushughulikia sumu tangu zamani, kwa sababu mimea imekuwa ikiwatengenezea wadudu sumu kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Vimeng'enya hivyo vikibadilika, sumu inavunjwa kabla haijafika kwenye neva.

Mfano ninaoupenda unatoka Australia, kwa nzi anayetaga kwenye manyoya na vidonda vya kondoo, Lucilia cuprina. Nzi huyu ana kimeng'enya cha jamii ya esterasi ambacho kwa kawaida nacho kinagandwa na oganofosfati, fenesi lilelile. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba kwa nzi sugu ushanga wa 137 umebadilika kutoka glisini kuwa asidi aspatiki. Ushanga huo mpya unaishika molekuli ya maji ikiwa tayari mahali panapotakiwa, na maji hayo yanausuuza utomvu. Kisu kimejifunza kujiosha! (Haya, na mimi nimeteleza. Hakikujifunza kitu.) Kinaosha polepole, lakini kwa kuwa vimeng'enya vyenyewe ni vingi, inatosha. Gharama yake ni kwamba kile kimeng'enya hakifanyi tena kazi iliyokuwa yake. Kimepoteza ustadi wa zamani, kimepata kibarua kipya.

Nzi huyuhuyu ana badiliko jingine, kwenye ushanga wa 251, linalomkinga na malathioni, mojawapo ya oganofosfati. Mwaka 2006 watafiti walikwenda kwenye makabati ya makumbusho, wakatoa vinasaba kwenye nzi wakavu waliochomwa pini kabla ya mwaka 1950, yaani kabla oganofosfati hazijaanza kutumika kule. Wakasoma jeni lile. Mabadiliko ya 251 yalikuwemo. Nzi wamekufa, wamekauka, hawajawahi kunusa malathioni maishani mwao, na tayari baadhi yao wanayo kinga. Badiliko la 137 halikupatikana kwenye nzi wale wa zamani, kwa hiyo huenda hilo lilizuka baadaye au lilikuwa adimu sana. Lakini lile la 251 peke yake linatosha kumfunga mdomo Shangazi, ingawa sijathubutu. Sumu ilipokuja haikuumba usugu, ilichagua waliokuwa nao.

Kuchagua huko kuna kasi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme mbu mmoja kati ya 10,000 ana badiliko lenye faida. Kwenye hali ya kawaida ni tone baharini. Weka dawa kila nyumba, wasionalo wafe tisa kwa kila kumi kabla ya kutaga, walionalo wapone. Katika joto letu la pwani, yai linakuwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi au wiki mbili, kwa hiyo vizazi kwa mwaka ni vingi. Baada ya vizazi vichache yule mmoja hayupo peke yake tena. Baada ya miaka michache yeye ndiye wa kawaida, na asiye sugu ndiye wa kutafutwa kwa tochi.

Kuna na njia ya tatu ambayo haigusi umbo la kimeng'enya hata kidogo. Mashine ya kusindika katani ni ileile, ila imewekwa zamu tatu badala ya moja. Mbu Culex wa mijini ni hodari kwa hili. Jeni la esterasi linajinakili tena na tena kwenye kromosomu, na kwa mbu wa aina moja waliotoka California zilihesabiwa nakala zipatazo 250. Vimeng'enya vinakuwa vingi kiasi kwamba havihitaji hata kuikata sumu vizuri. Vinaimeza tu na kukaa nayo, kama dekio linavyonyonya maji. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba nakala za namna moja zilizokutwa Afrika, Asia na Amerika zinafanana mno kuwa zimezuka kila moja kivyake. Zilizuka mahali pamoja, zikasafiri. Mbu hupanda meli na ndege kama abiria wengine, na mji wa bandari kama wetu hauwezi kumuuliza kila mmoja tiketi.

Culex ndiye anayetuletea mabusha na matende hapa pwani, kwa hiyo hili si la vitabuni tu. Na hapa niseme kwamba suluhisho lililonifurahisha kuliko yote halikuwa na kemia ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, mtaalamu Chris Curtis na wenzake, ambao walifanya kazi miaka mingi Muheza pia, walimwaga punje nyepesi za plastiki kwenye mashimo ya vyoo yenye maji, zile zinazotumika kufungashia televisheni. Punje zikaelea, zikafunika maji yote. Kiluwiluwi cha mbu kinapumua kwa mrija juu ya maji, na kikipanda kinakuta dari. Nakala 250 za esterasi hazimsaidii mtu aliyekosa hewa.

DDT nayo ina kisa chake. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na wakati anapewa tayari kulikuwa na nzi wa majumbani wasiokufa kwayo. Kimeng'enya kinachoivunja ni cha jamii inayotumia glutathioni, molekuli ndogo iliyomo mwilini. Kinang'oa klorini moja na haidrojeni moja, na DDT inageuka kuwa DDE isiyomwua mdudu. Kwa Anopheles funestus wa Benin, mbu mwingine wa malaria, ilionyeshwa mwaka 2014 kwamba ushanga wa 119 wa kimeng'enya hicho umebadilika, leusini imekuwa fenilalanini, na kinywa kimepanuka kiasi cha kuikaribisha DDT kwa raha. (Hii 119 na ile ya kwanza ni bahati tu, ni protini mbili tofauti.)

Chandarua cha Shangazi hakina DDT wala oganofosfati. Kina dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni nakala ya kiwandani ya sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, pareto hiihii inayolimwa nyanda za juu kusini. Dawa hizi zinapiga milango ya sodiamu kwenye neva, na milango hiyo nayo inaweza kubadilika, lakini mlango si kimeng'enya kwa hiyo nauruka. Kinachozivunja pairethroidi ni ukoo mkubwa uitwao saitokromu P450. Anopheles gambiae ana jeni 111 za ukoo huu. Na sisi tunao, ini letu linautumia kushughulikia dawa tunazomeza. Kazi yao ni kupachika oksijeni kwenye kitu kigeni ili kiyeyuke kwenye maji na kitolewe nje.

Kwenye P450 njia zote zinakutana. Kwa funestus wa kusini mwa Afrika kuna jeni mbili pacha, CYP6P9a na CYP6P9b, ambazo swichi zake zimebadilika zikawa zinazalisha kupita kiasi, na kimeng'enya chenyewe nacho kimebadilika shanga zake kadhaa kikawa na makali zaidi. Kwa gambiae wa Uganda na majirani zake umeonekana mkusanyiko wa ajabu zaidi: badiliko la ushanga mmoja kwenye kimeng'enya CYP6P4, kipande cha vinasaba chenye tabia ya kurukaruka ambacho kimedondokea jirani yake, na jeni jingine la karibu lililojinakili. Yote matatu yako kwenye uzi mmoja na yanarithiwa kwa pamoja kama vyombo vya bibi harusi.

Niliwahi kukaa kando ya meza ya vipimo kwenye maabara moja wilayani Muheza. Mbu majike wa siku chache tu, hawajanywa damu, wanafyonzwa kwa mrija na kupulizwa kwenye bomba la plastiki, 25 kwa bomba, ndani kuna karatasi yenye deltamethrini, mojawapo ya pairethroidi. Saa moja. Kisha wanahamishiwa kwenye bomba safi, wanawekewa pamba yenye maji ya sukari, wanaachwa saa 24. Wakifa pungufu ya asilimia 90, hao ni sugu. Kuhesabu si rahisi kama unavyodhani. Kuna mbu amelala chali, miguu inacheza. Kuna mwingine kabakiwa na miguu mitatu, anayumba, lakini ukigonga bomba anaruka. "Huyo hai," fundi wa maabara akaniambia bila kuinua macho. "Akiruka ni hai, miguu haihesabiwi."

Bomba la pili ndilo lililonifundisha. Mbu walewale, wa kijiji kilekile, ila kabla ya deltamethrini walikaa saa moja na karatasi yenye piperonili butoksaidi, kwa kifupi PBO. PBO peke yake haikusudiwi kuua. Inachofanya ni kuvizuia vile vimeng'enya vya P450. Kwenye bomba la kwanza wengi walikuwa wamesimama ukutani. Kwenye la pili sakafu ilikuwa imejaa. Dawa ileile, dozi ileile. Hapo hakuna wa kuniambia habari ya feki.

Chanzo cha PBO kina harufu ya jikoni kwetu. Mwaka 1940 kule Marekani iligundulika kwamba mafuta ya ufuta yanaongeza makali ya pareto. Ndani ya ufuta kuna kitu kiitwacho sesamini, na wanakemia wakatengeneza ndugu zake mpaka wakaifikia PBO. Tafadhali mtu asipake chandarua mafuta ya ufuta, atavuta siafu. Vyandarua vyenye PBO vipo vya kutosha siku hizi, na vilijaribiwa hapahapa nchini, wilayani Muleba, vikaonekana kuzuia malaria kuliko vile vya kawaida.

Vijiji vya Muheza navyo vina vibanda vya majaribio ya namna hii. Mtu wa kujitolea analala humo chini ya chandarua kilichokatwa matundu sita makusudi, kila moja sentimita nne kwa nne, kuiga chandarua kilichochakaa. Kibanda kimezungukwa na mfereji wa maji, maana bila maji sisimizi wanaingia usiku, wanabeba maiti zote, na asubuhi mtafiti anadhani hakuna mbu aliyekufa.

Halafu kuna klofenapiri, dawa nyingine ya vyandarua, na hapa ndipo hadithi inapogeuka. Klofenapiri ilivyo kwenye chandarua bado si sumu kamili. Ikiingia mwilini mwa mbu, P450 inakuja kufanya kazi yake ya siku zote, inapachika oksijeni, kipande kinadondoka, na kinachobaki ndicho sumu yenyewe, inayozima mitokondria ambako seli inapata nguvu. Yule askari aliyeivunja pairethroidi ndiye anayefungua mlango. Kadiri mbu anavyojaza P450, ndivyo anavyojipikia sumu haraka zaidi. Ndiyo maana pia klofenapiri na PBO hazipatani: PBO ikimfunga mikono mpishi, chakula hakiivi.

Jaribio lililofanyika Misungwi, Mwanza, likatolewa mwaka 2022, lilipima watoto baada ya miezi 24. Waliopewa vyandarua vya pairethroidi peke yake, wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8. Waliopewa vyenye pairethroidi na klofenapiri, asilimia 25.6. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi mwaka 2023. Sitashangaa siku moja tukisikia mbu ambao P450 zao zimepungua, wasioweza tena kupika; hao angalau pareto itawaweza upya, mpaka mengine yatokee.

Nilimweleza Shangazi haya yote siku tatu mfululizo, tukinywa chai barazani. Alinisikiliza vizuri. La ufuta lilimfurahisha, la fenesi alinisahihisha: mafuta ya nazi ndiyo yanayozuia utomvu, hayo mengine ni kupoteza pesa. Nilipofika kwenye klofenapiri nikamwonya mapema kwamba ina mwendo wake. Haiangushi mbu palepale kama dawa za zamani. Mbu anagusa, anaruka, anakwenda zake, na anaweza kufa kesho au keshokutwa. Akipata chandarua cha namna hiyo atamwona mbu hai ukutani na atasema kazoea. Asimhukumu jioni ile. Asubiri siku ya tatu afagie nyuma ya kabati.

"Nyuma ya kabati?" akasema. "Kabati la mninga hilo, baba yako na wenzake wanne walilibeba. Tangu liingie halijasogezwa. Hao mbu wako watafute pengine pa kufia."